Bastola Mbovu Kuliko Zote Ghalani

Nchi hii haimo katika ramani yoyote inayouzwa madukani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la pembeni. Ni nchi yenye amani kubwa. Amani yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba siku moja Serikali iliwapandisha vyeo askari polisi wote kwa mpigo, kuwashukuru kwa kuileta. Kufikia saa sita mchana hata yule konstebo wa mwisho, aliyekuwa akilinda bomba la maji sokoni, alikuwa amekwisha kuwa mkaguzi. Baadaye ndipo ilipogundulika kwamba hakuna aliyebaki wa kuzunguka mitaani, maana kanuni hazimruhusu mkaguzi kusimama juani. Wezi walingoja wiki nzima kwa adabu, wakidhani ni mtego, kisha wakaanza kazi.

Waziri wa Utulivu wa Nyumbani akazungumza redioni. Aliuliza, mlango ni wa nani? Akajibu mwenyewe kwamba ni wa mwenye nyumba. Basi ulinzi wa mlango ni wa nani? Hapo akanyamaza kidogo, wananchi wapate nafasi ya kufikiri, ndipo akaisoma Sheria ya Kila Mtu na Mlango Wake. Katika muda wa siku arobaini kila mwenye nyumba afike Ghala Kuu achague rivolva moja, itakayomfaa kwa kazi mbili: kutembea nayo nje, na kulinda nyumba. Asiyechagua atawekewa kibao getini chenye maneno NYUMBA HII HAINA SILAHA, kwa faida ya wapita njia.

Kwa nini rivolva na si bastola nyingine? Waziri alilieleza jambo hilo kwa saa mbili. Bastola za kisasa zina mambo mengi, hukwama, hudai mafunzo. Rivolva haina makuu. Risasi zake sita zimo ndani ya silinda, kila moja katika chumba chake, na mtu akitaka kuziona anaziona. Ni silaha ya wazi, alisema Waziri, iliyo wazi kama Serikali yenyewe. Watu walipiga makofi majumbani mwao, kila mmoja akihakikisha jirani amesikia.

Jambo moja Waziri hakulitaja, nalo ni kwamba silaha hizo hazikuwa mpya. Zilikuwa ni zile zilizotumika miaka kumi na mmoja iliyopita, katika Mwaka wa Utulivu, ambamo watu waliotulizwa walikuwa wengi. Na jambo la pili liliandikwa katika Fomu Namba Saba, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: mpokeaji anaipokea silaha pamoja na matendo yake yote, yaliyopita na yajayo.

Wizara haikulibuni neno hilo. Ilikuwapo mila ya wachinjaji wa zamani wa nchi ile, kwamba anayepokea kisu anapokea na damu iliyokwisha kumwagwa nacho. Waliiita kurithi mkono. Ndiyo maana mchinjaji akifa walimzika na kisu chake, asimwachie mtoto mzigo. Wizara iliipenda nusu ya kwanza ya mila hiyo.

Mzee Kirumbi hakwenda ghalani. Alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu, mtu mrefu, mnyoofu, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi mpaka chini kabla ya kuigusa kwa kalamu. Siku arobaini zilipokwisha, mafundi wa Wizara walikuja wakampigilia kibao getini, na yeye akawashikia ngazi. Alisema kwamba kibao kinasema kweli, na kwamba ni andiko la kwanza la Serikali kusema kweli mbele ya nyumba yake.

Alikuwa na sababu. Katika Mwaka wa Utulivu mwanawe wa pekee, Kombo, kijana wa miaka ishirini na minne, alitoka nyumbani Jumanne moja asirudi. Baada ya mwezi ilikuja barua yenye muhuri. Ilisema: Kijana wenu amesafiri. Msimwekee chakula. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu, Mzee Kirumbi alivaa koti akaenda Ofisi ya Wasafiri kuulizia kama mwanawe amerejea. Kila Jumatatu karani alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema bado. Miaka kumi na mmoja. Makarani wawili walistaafu dirishani hapo, na wote wawili walipoaga walimkabidhi Mzee Kirumbi kwa mrithi wao pamoja na funguo.

Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka kwa miaka hiyo hiyo kumi na mmoja, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Jirani yao, Mwinyimvua, fundi saa, yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ghala. Alichagua rivolva ya mtutu mfupi, ya kung'aa, nyepesi, isiyonasa katika mfuko wa koti, kwa sababu alipenda matembezi. Kwa siku mbili mtaa mzima ulionyeshwa silaha hiyo, na kuelezwa kwamba nyundo yake imefichwa ndani isije ikashika nguo. Siku ya tatu Mwinyimvua hakuonekana. Alionekana tena siku arobaini zilipokwisha, amekonda, kola ya shati imekuwa pana.

Mzee Kirumbi akaenda kumjulia hali. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nyumba zote zimefungwa madirisha. Alimkuta Mwinyimvua amekaa kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe kama mgeni asiyekaribishwa. Ndani, sebuleni, mkewe alikuwa akichambua mchele pamoja na mwanamke mwingine, wakicheka kwa sauti ya chini. Mwanamke huyo alikuwa amevaa gauni la kijivu, na pindo lake lilikuwa limelowa, likidondosha maji sakafuni, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mitatu.

"Huyo si Mwalimu Zamda?" aliuliza Mzee Kirumbi.

"Ndiye."

"Mwalimu Zamda alisafiri."

"Basi amerudi safari, mzee mwenzangu. Anakuja kila siku saa nane. Saa kumi na moja anaondoka, maana ile amri ya kutotembea usiku haijafutwa, na yeye hajui kuvunja sheria. Hakuvunja hata alipokuwa hai."

Mzee Kirumbi alitazama tena. Mwalimu Zamda alivifundisha vizazi viwili vya watoto wa mtaa ule, wa Mwinyimvua wakiwamo. Alipita mbele ya duka la fundi saa kila asubuhi kwa miaka kumi na minane, na hakuna asubuhi aliyopita bila salamu.

Mwinyimvua akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeungama. Mwalimu alikuja siku ya tatu baada ya fomu kutiwa sahihi. Mkewe alimfahamu, naye akamfahamu mkewe. Aliwauliza watoto kwa majina, akamuulizia hata paka aliyekufa. Lakini yeye Mwinyimvua hamjui. Akimtazama haoni fundi saa, wala baba wa wanafunzi wake. Anamwona mwenye bastola.

"Ananiuliza neno moja tu," alisema. "Kila siku, akitaka kuondoka."

Wakakaa mpaka saa kumi na moja. Mwalimu Zamda akainuka, akamuaga mke wa Mwinyimvua, akashuka ngazi. Mbele ya Mwinyimvua akasimama. Alikuwa na uso wa mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi ambaye alimtegemea.

"Kwa nini?" akauliza.

Akangoja muda wa kutosha, kama alivyongoja darasani, kisha akaenda zake. Alama za miguu yake zilikauka moja moja nyuma yake.

Mambo kama hayo yalikuwa yakitokea nchi nzima, na Wizara haikukaa kimya. Ilitoa taarifa kwamba nchini hakuna mizimu. Waliopo ni wafuatiliaji wa masuala ya zamani, na wananchi wanaombwa kuwapa ushirikiano, viti, na maji ya kunywa.

Mzee Kirumbi alirudi nyumbani akamsimulia mkewe yote bila kuruka kitu. Bi Sikudhani alisikiliza akiwa ameshika sufuria mkononi. Mumewe alipomaliza, hakushangaa, wala hakusema inna lillahi. Aliiweka sufuria chini.

"Kila bastola ina watu wake?" aliuliza.

"Kila moja."

"Basi ya Kombo imo humo ghalani, Baba Kombo."

Katika miaka kumi na mmoja hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mmoja wao kusema kwamba mtoto amekufa. Na hata hapo hakulisema. Kesho yake asubuhi Mzee Kirumbi alivaa koti, na siku hiyo haikuwa Jumatatu.

Ghala Kuu lilikuwa jengo refu lenye feni zisizozunguka. Walipokewa na Bwana Lukindo, Afisa Mshauri wa Uchaguzi, kijana mwenye tai mbili, moja ya kazi na moja ya heshima. Alifurahi kuwaona. Alisema wanaochelewa ndio wanaochagua vizuri. Akawatandikia silaha juu ya meza yenye kitambaa cha kijani na kuanza mafundisho.

Kwa nyumbani, alisema, chukua mtutu mrefu na uzito wa kutosha, maana uzito hupunguza teke na mkono wa mzee hautaruka. Kwa matembezi, chukua mfupi, mwepesi, mpini uliofunikwa mpira usiteleze kwa jasho. Kwa yote mawili, chagua wa katikati, na kifyatulio kisicho kigumu sana hata mama aweze kukivuta. Risasi nazo si za kuchagua kwa pupa. Risasi kubwa hupita ukuta ikamfikia jirani, kwa hiyo mwenye kuchagua kubwa sharti amwandikie jirani barua, nakala tatu, ya kumjulisha kwamba huenda akafikiwa.

"Na huko nje tutajilinda na nini hasa?" aliuliza Mzee Kirumbi.

"Na fisi," alisema Bwana Lukindo.

"Mjini hapa hakuna fisi."

"Kwa sasa, mzee wangu. Sera inatazama mbele."

Mzee Kirumbi akamwambia kwamba yeye hataki kuonyeshwa silaha. Anataka kusoma wasifu wake. Maana kila rivolva ilikuwa na jalada lake, lililoeleza ilitumika lini, wapi, na risasi ngapi. Majina yalikuwa yamepakwa wino mweusi, kwa kuheshimu faragha ya marehemu. Bwana Lukindo alisema hakuna mteja aliyewahi kuomba jambo hilo. Akatafuta katika kanuni kama limekatazwa, akakuta limesahauliwa, akawapa kiti.

Walisoma siku tatu. Mume alisoma kwa sauti ya chini, na mke, ambaye macho yake hayakuona tena herufi ndogo, alisikiliza. Kila jalada lilikuwa fupi. Uwanja wa mpira, risasi nne, waliokimbia wawili. Kituo cha treni, risasi moja, mwanamke mwenye sanduku, sanduku lilikuwa na vikombe. Shule ya jioni, risasi sita, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mzee Kirumbi alikuwa amezoea vitabu vya mizani, na sauti yake haikutetereka, ila baada ya kila jalada alilipangusa kwa kiganja kabla ya kulifunga. Bi Sikudhani aliitikia kila mmoja kwa kichwa, kama mtu anayepokea wageni mlangoni. Hakutaka hata mmoja apite bila kuitikiwa.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, alisoma hivi: "Jumanne. Nyuma ya Posta. Saa tisa kasoro robo. Risasi mbili. Mlengwa, kijana, shati la kijani. Mkononi alikuwa na mkanda mpya wa cherehani, uliodhaniwa kuwa utambi wa bomu."

Bi Sikudhani aliweka mkono wake juu ya ukurasa, akaupapasa kama anavyopapasa kitambaa kujua kimefumwaje.

"Nilimwambia aende asubuhi," alisema. "Akasema ataoga kwanza."

Bwana Lukindo alipoletewa jalada alisikitika. Aliiendea silaha yenyewe rafu ya chini, akaja nayo kwa vidole viwili. Ilikuwa rivolva nyeusi, mtutu umekula kutu, mpini umepasuka na kufungwa kwa waya. Silinda yake ilicheza kama jino la mtoto. Alisema kwa uaminifu kwamba hii ndiyo mbovu kuliko zote ghalani. Kwa nyumbani haifai, kwa sababu huenda isilie. Kwa matembezi haifai, kwa sababu huenda ikalia. Kuna nyingine nzuri sana, iliyotumika mara moja tu, kwa mwalimu mmoja wa chuo.

"Hii hii," alisema Mzee Kirumbi.

Bwana Lukindo akawapa Fomu Namba Saba, akaenda kutafuta muhuri. Hapo ndipo mume na mke walipogombana, wameketi kwenye benchi la Serikali, kwa sauti za watu walio msikitini.

Bi Sikudhani alitaka kutia sahihi yeye. Mzee alisema haiwezekani, sheria inasema mwenye nyumba. Mkewe akamwambia nyumba ni yake, alijengewa na kaka yake, na mwenye kiwanja ni yeye. Mzee akasema mkewe hajamwelewa. Je, hakusikia habari za Mwinyimvua? Atakayetia sahihi hatafahamiwa. Atakayebaki ndiye atakayeitwa mama, atakayekaa naye, atakayemsikia akicheka. Hicho ndicho anachomwachia.

"Mimi nimekusikia," alisema Bi Sikudhani. "Wewe ndiye uliyemtafuta Jumatatu zote hizo. Kaa naye wewe. Mimi niache niulizwe."

"Uulizwe ili iweje?"

"Mimi nina jibu, Baba Kombo. Nilimtuma. Wewe ukiulizwa utasema nini? Wewe huna."

Mzee Kirumbi alimtazama mke wake. Aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa amelibeba jibu hilo miaka kumi na mmoja, na hakuna mtu aliyemfanyia hisani ya kumuuliza. Aliona pia kwamba akiulizwa atajibu, kila siku, saa kumi na moja, kwamba ni yeye aliyemuua mwanawe, mpaka afe. Akachukua kalamu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitia sahihi karatasi bila kumaliza kuisoma.

Bi Sikudhani aligeuza uso akatazama feni.

Bwana Lukindo alipiga muhuri mara tatu, akampa mzee mkono, akasema kwa furaha ya kweli kwamba suala lingine limepata mwenyewe. Jioni hiyo mafundi walikuja kukiondoa kibao getini. Mwisho wa wiki gazeti la Serikali liliandika kwamba makosa yote ya Mwaka wa Utulivu sasa yamepata ufumbuzi, raia wenyewe wakiwa wameyakiri kwa hiari na kwa maandishi, na kwamba idadi ya wauaji waliobainika imevunja rekodi. Waziri alitunukiwa nishani. Wauaji walitumiwa kalenda.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja. Mzee Kirumbi aliiweka bastola juu ya kabati, ikiwa tupu, maana hakuchukua risasi hata moja. Wakati huo mume na mke walikuwa wameanza kuogopa jina. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa Baba Kombo, na kabla ya hapo alikuwa bwana harusi tu. Sasa mkewe alijizoeza jikoni, kwa sauti ya chini, kumwita Bwana Kirumbi, kama mtu anayejizoeza kutembea na mguu wa mti.

Siku ya tatu, saa nane, hodi ilipigwa. Bi Sikudhani akafungua.

Alikuwa vile vile. Miaka ishirini na minne, nywele zimechanwa upande, shati la kijani lenye matundu mawili ambayo hakuna aliyeyatazama. Akasema, "Mama, umekonda," kisha akaingia, akavua viatu, akakaa chini karibu na miguu yake, kama alivyokuwa akikaa. Akamuuliza habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama. Bi Sikudhani alijibu yote. Mikono yake ilikuwa juu ya kichwa cha mwanawe, naye akalalamika kwamba ni baridi. Yeye ndiye aliyesema mikono ya mama ni baridi.

Mzee Kirumbi alikaa kwenye kiti kando ya mlango, mahali ambapo huwekwa kiti cha mtu aliyekuja kudai. Kwa saa tatu alisikia sauti ya mwanawe. Hakukosa hata neno.

Saa kumi na moja Kombo akavaa viatu. Akamuaga mama yake, akaja mlangoni, akasimama mbele ya mzee.

"Kwa nini?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kweli kujua.

Nyuma yake Bi Sikudhani alifungua mdomo. Mzee Kirumbi akamtazama, akamwomba kwa macho, naye akaufunga.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Kombo akatikisa kichwa kwa adabu.

"Usiniite hivyo, mzee. Nina baba yangu. Yuko hai, na kwa hakika hivi sasa ananitafuta. Nikimkuta, nitamwambia uliko."

"Ni mtu wa namna gani, huyo baba yako?"

Kijana alitazama jua nje, akaona bado upo muda kidogo. Akaegemea mwimo wa mlango. Alisema ukali wa baba yake ni wa kujifanya. Akiwa amekasirika husafisha miwani ambayo haina uchafu. Siku Kombo alipofeli mtihani, baba hakusema neno, alimchukua wakaenda kula samaki wa kuchoma, wakala, wakarudi, na mpaka leo hawajauzungumza mtihani huo. Na huwa hajui kulia, alisema Kombo akitabasamu. Likimfika jambo hukohoa mara mbili, kikohozi kikavu, akadai ni vumbi. Angekuwapo hapa angekohoa, naye Kombo angemjua hata akiwa amefumbwa macho.

Mzee Kirumbi alihisi kikohozi kikimpanda kooni. Akakibana, akakimeza, kijana asije akajua kwamba mwenye bastola ni baba yake, macho yakamtoka machozi.

"Endelea," akasema.